Kiwanda Kilichokufa Chazaa Saa

Kila wiki, kwenye mtandao wa kuuza saa kuukuu, huzaliwa saa mpya ya majaribio ya Orvane. Kiwanda chenyewe kilikufa nikiwa bado na meno yangu yote, lakini kinazaa kuliko sungura. Mimi huchungulia mtandaoni asubuhi nikinywa kahawa, kama wenzangu wanavyosoma matangazo ya vifo, nione leo ni zamu ya nani. Juzi ilikuwepo moja yenye namba sifuri tatu mgongoni. Kabla yake ilikuwepo moja yenye sahihi ya mkurugenzi wetu, mtu ambaye hakuweza kutia sahihi hata kadi ya Krismasi bila katibu wake kumwonyesha mahali kwa kidole.

Kabla kiwanda hakijatengeneza saa elfu za namna moja, hutengeneza kwanza moja au mbili za kujaribia wazo. Wazo likifaulu, saa huigwa. Likifeli, saa huwekwa juu ya chuma na kupondwa kwa nyundo. Ndiyo maana za kweli ni adimu kama maziwa ya kuku, na ndiyo maana wakusanyaji wa saa wako tayari kumuuza mama mzazi waipate moja. Palipo na mtu wa namna hiyo hapakosi mwenye mashine ya kuchapa herufi na usiku mrefu.

Naitwa Edmée. Nilifanya kazi Orvane, hapa Le Locle, mji wa milimani Uswisi, katika chumba cha mikanda, nikifunga ngozi kwenye saa mpaka mikono ikanuka zizi. Sisi wa Orvane tuna ugonjwa mmoja. Siku ya kwanza ya kazi uliapa kwamba mambo ya chumba cha majaribio hutayasema nje, hata kwa mumeo. Hasa kwa mumeo, maana alikuwa ameajiriwa na washindani ng'ambo ya barabara. Kiwanda kikafa. Jengo limekuwa ukumbi wa mazoezi, na watu wanakimbia bila kwenda popote pale tulipokuwa tukila mkate wetu wa saa nne. Sisi bado tumenyamaza. Waghushi wananenepa kwa sababu wanaojua ukweli ni wazee wachache wanaoamini kwamba mkurugenzi aliyelala kaburini bado ametega sikio.

Basi Jumatatu moja ya vuli, Huguette Matthey akanigongea mlango. Anakaa ghorofa ya chini yangu, na kwa kawaida hupanda ngazi polepole akilaani kila moja. Siku hiyo alipanda kimya.

"Edmée, fungua. Wamemtaja Willy."

Willy alikuwa mumewe. Alikufa majira ya baridi mawili yaliyopita. Huguette aliweka simu yake mezani, juu ya makombo ya mkate wangu, nikavaa miwani.

Kulikuwa na picha ya saa ya wapiga mbizi, uso mweusi, jina ORVANE kwa herufi za fedha, na chini yake, kwa wekundu wa rangi ya kucha, maneno kwamba hii ni saa ya majaribio, nambari moja. Maelezo yalikuwa mafupi: saa pekee iliyonusurika, iliibwa kiwandani mwaka 1972 na mfanyakazi Willy Matthey, aliyefukuzwa kwa kosa hilo, imepatikana kwa warithi wake. Mnada unafungwa Jumapili jioni.

"Warithi wake ni mimi," alisema Huguette. "Mimi na paka. Na paka hana akaunti."

Nilitaka kucheka, nikamwona uso, nikaacha.

Mwaka huo wa 1972, saa ya majaribio ya wapiga mbizi ilitoweka mezani. Willy, fundi wa chumba cha majaribio, ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Hapakuwa na ushahidi wowote, lakini alifukuzwa, akaenda kuendesha gari la manispaa la kusukuma theluji. Kwetu huku theluji hufika madirishani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwita mwizi usoni, maana ungeamka umezikwa nyumbani kwako mpaka Pasaka. Walimsema nyuma ya mgongo. Huguette aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwenye foleni ya mkate, kanisani, kwa kinyozi. Dada yake wa tumbo moja alisema mara moja tu, mezani, "Lakini kama hakuiba yeye, nani?" Huguette akainuka na kuondoka na bakuli lake la saladi. Dada mtu alikufa hawajasemezana.

Mwenyewe Willy hakujitetea kamwe. Alikuwa mtu wa kelele lakini si wa maneno. Alimpenda mkewe kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. "Colombe!" angemwita kutoka upande wa pili wa uwanja, yaani njiwa, na mtaa mzima ungegeuka kumtazama njiwa mwenyewe, aliyekuwa na mabega ya mbeba magunia.

"Nataka iondolewe," Huguette alisema. "Ikiuzwa na hayo maneno, itakuwa imeandikwa. Nikifa mimi, nani atabishana nayo?"

"Ni ya kughushi, shoga. Mtoto mchanga angeona."

"Basi mwambie huyo mtoto mchanga aandike."

Ilikuwa ya kughushi kwa sababu moja ambayo kila mtu wa Orvane aliijua. Nyuso za saa hatukuzitengeneza wenyewe. Zilichapwa na fundi mmoja wa chini ya mtaa, aliyechapia pia nusu ya viwanda vya milima hii, na mkewe alisukwa nywele pamoja na wake za washindani. Kumpelekea uso wenye jina letu kabla ya maonyesho ya saa kulikuwa sawa na kutangaza kanisani. Kwa hiyo uso wa saa ya majaribio haukuwa na jina la kiwanda hata siku moja. Uliandikwa jina la kuzugia tu, la ovyo, kama yale ya saa za bei rahisi zilizoagizwa na vyama vya wakulima, ili mchapaji asiutazame mara mbili. Majina gani, sisi wa mikanda hatukuambiwa. Aliyajua mchapaji, ambaye yuko makaburini, na Numa Calame, mkuu wa chumba cha majaribio, ambaye yuko hai kwa ukaidi tu.

Na aandikaye "majaribio" kwa wekundu juu ya siri yake, huyo atajichora pia neno mwizi kwenye paji la uso.

Jina la Willy walilitoa wapi? Hilo sikuhitaji kuuliza. Roland Jacot ni mwenyekiti wa chama chetu cha wazee wa Orvane, na aliwahi kuhojiwa na Fabrice, kijana wa Geneva anayekagua saa kuukuu mbele ya kamera na kufuatwa na watu wengi kuliko askofu. Fabrice alimuuliza habari za mashine, za vipimo, za nyuso. Roland akafunga mdomo: siri ya kiwanda. Fabrice akamuuliza kama kulikuwa na visa vya kuchekesha. Roland akafunguka, akaeleza nani alilewa, nani alimpenda nani, nani alifukuzwa na kwa nini. Ndivyo tulivyo. Siri tunazitunza mpaka kufa, umbea tunaugawa bure.

Na Fabrice huyohuyo alikuwa ameipitisha saa ya mnada. Aliimulika kwa taa ya zambarau, akasifu mashine, ambayo kweli ni yetu, akasifu kasha lake, ambalo pia ni letu, akasema uso umezeeka kwa heshima. Kuchukua mwili halali na kuubandika uso wa uongo ndiyo kazi ya waghushi wote, lakini kijana alishapenda, na aliyependa hapewi miwani.

Nikamwandikia. Akajibu upesi, kwa adabu zote.

"Mama Edmée, nashukuru sana. Kwani ulikuwa chumba cha majaribio?"

"Chumba cha mikanda."

"Aha."

Kuna aha ambayo ni kofi. Akaongeza kwamba saa za Orvane zenye majina ya ajabuajabu anazijua, ni takataka za wakulima, yeye akizipata huzifungua achukue skrubu na kutupa kilichobaki. Ila kama mkuu wa chumba cha majaribio mwenyewe atasema mbele ya kamera ninayoyasema mimi, atafuta ukaguzi wake siku hiyohiyo, na bila ukaguzi wake mnada utakufa.

Tukapanda kwa Numa.

Numa Calame ana miaka tisini na ushei na anaishi palepale alipozaliwa, shamba la juu ya mji. Maisha yake yote alikamua ng'ombe alfajiri, akashuka kutengeneza saa mchana, akapanda kukamua tena. Tulimkuta zizini akishona mkanda wa kengele, na mikono haitetemeki hata kidogo. Inaudhi.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Niliapa," alisema.

"Uliapa kwa nani? Kampuni imekufa, Bwana Numa! Mkurugenzi amekufa. Hata nyundo imekufa, ipo makumbusho."

"Mimi sijafa."

"Ndilo tatizo letu!"

"Edmée," Huguette alinigusa mkono. Kisha akamsogelea mzee. "Bwana Calame, wewe ulikuwa mkubwa wake. Miaka yote hii hukumtetea, wala hukumshtaki. Ulipita tu barabarani ukanivulia kofia. Kofia sizitaki tena. Nisaidie kwa mdomo."

Numa alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho ambayo niliyaona ya kondoo mzee asiye na habari. Leo ningeyasoma vingine.

"Mama Matthey, iacheni," alisema taratibu. "Mambo ya mtandaoni hupita. Watu watasahau."

"Sijawahi kuona watu wanaosahau," Huguette alisema. "Wanakaa wapi?"

Mzee akarudi kwenye mkanda wake. Tulipokuwa mlangoni akasema kwamba Jumapili atakuja malishoni kwenye soseji za chama kama kila mwaka, kwa sababu soseji haina kosa.

Nilishuka mlima nikimtukana kwa majina yote niliyonayo, nikaazima na ya marehemu mume wangu. Huguette alikuwa akishika ukuta wa mawe kila hatua chache, na hapo ndipo nilipoingiwa na huruma, na huruma ikinishika mimi huwa mkorofi zaidi.

Jumapili ilitoka na jua. Tuliwasha moto wa matawi ya misonobari malishoni, tukasubiri uwe makaa, tukafukia soseji zimefungwa kwa majani ya kabichi na gazeti lililolowa. Kila mtu na kisu chake, kila mtu na saladi yake ya viazi ambayo ni bora kuliko ya mwenzake. Ng'ombe wa Numa walikuwa wametuzunguka, na kengele zao zilifanya watu wapaze sauti. Roland alikuwa na simu yake mpya, akipiga picha moshi.

Nilimngoja Numa amalize glasi ya kwanza ya mvinyo mweupe, nikakaa kando yake kwenye gogo.

"Fabrice ananiambia saa zako zenye majina ya kuzugia ni takataka," nilisema. "Za wakulima. Akizipata anazivunja, anachukua skrubu."

Masikio yake yakageuka mekundu.

"Takataka?" alisema baadaye.

"Takataka. Na mimi nitabishaje? Nilikuwa mikanda."

"Anavunja? Kwa skrubu?"

"Skrubu tu, mzee wangu. Kilichobaki jalalani."

Numa aliweka glasi yake chini, akaegemea fimbo, akasimama. Sijamwona akisimama kwa haraka hivyo tangu mazishi ya padri tuliyemchukia.

"Roland," alisema. "Washa hicho kidude."

Roland karibu aanguke motoni kwa furaha. Watu wakasogea. Huguette akaja mbele kabisa, na sahani yake mkononi, amesahau kuiweka.

"Mimi ni Numa Calame," mzee aliiambia simu, kama anayetoa ushahidi kwa jaji. "Nilikuwa mkuu wa chumba cha majaribio Orvane. Uso wa saa ya majaribio haukuandikwa Orvane. Haukuandikwa kwamba ni wa majaribio. Sisi hatukuwa wajinga. Uliandikwa jina nililochagua mimi. Ya kwanza ya kujijaza kamani yenyewe, bila kuzungushwa kwa vidole, iliitwa Finette. Ya tarehe iliitwa Baronne. Yenye mlio wa kengele iliitwa Marquise, na jina liliifaa, kwa sababu Marquise hakuwahi kunyamaza."

"Ngoja kwanza," alisema Roland nyuma ya simu. "Baronne si yule ng'ombe wako aliyeniangusha mtaroni?"

"Ndiye."

"Saa zetu ulizipa majina ya ng'ombe?"

"Ulitaka nizipe majina ya wake za wakurugenzi? Wale hawakutoa hata maziwa."

Tulicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Mimi nilicheka na kulia pamoja, kwa raha ya kushinda. Saa za Orvane, zilizovaliwa na mabalozi, zilianza maisha yao zizini! Nilikuwa tayari namwona Fabrice akilisoma hili.

"Na ile ya wapiga mbizi?" Roland aliuliza. "Ya mwaka 1972? Hiyo ndiyo inayouzwa."

"Nimesahau," alisema Numa.

"Umesahau!" Nilikuwa nimelewa ushindi kuliko mvinyo. "Mtu anayekumbuka ndama aliyezaliwa siku ya vita kuisha! Usituzuge, mzee. Hiyo ndiyo tuliyoijia."

"Inatosha nilichosema. Uso hauna jina la kiwanda. Ile ni ya uongo. Zima, Roland."

"Haitoshi," alisema Huguette. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Utataja zote uiache hiyo moja? Watasema kuna kitu kinafichwa. Sema, Bwana Calame. Mimi siogopi."

Mzee alimtazama yeye, akatazama makaa, akanitazama mimi, na lile jicho alilonipa silipendi mpaka leo. Kisha akavua kofia.

"Colombe," alisema.

Hapakuwa na mtu pale asiyelijua jina hilo. Tulilisikia likivuka uwanja wa soko kwa miaka na miaka, kutoka dirisha la gari la theluji. Hakuna aliyecheka. Gazeti moja lilipasuka kwenye makaa na soseji ikaanza kuungua, na hakuna aliyeinama kuitoa.

Numa alijaribu kuokoa jahazi. Ni mtu asiyejua kudanganya, na alifanya hivyo vibaya sana.

"Hiyo niliiponda mwenyewe," alisema haraka. "Kwa nyundo. Siku ileile. Ilikuwa inaingia maji, haikufaa kitu, nikaiponda ikawa unga, kwa hiyo hakuna mtu yeyote aliyeweza…"

"Hukuiponda," alisema Huguette.

"Niliiponda, mama."

"Hukuiponda. Inaingia maji kweli. Nilioga nayo mara moja tu, ikaota ukungu ndani." Akasikia alichokisema. Sahani ikainama, saladi ya viazi ikamwagika kwenye nyasi, na ng'ombe mmoja akaja taratibu kuikagua. "Alinipa siku ya kuzaliwa kwangu," aliendelea. "Alisema ameniagizia. Alisema amewaambia waandike jina langu. Mimi sikuwa na jina hilo kabla. Tangu siku hiyo ndipo akaanza kuniita."

Nilitamani ardhi inimeze na gogo langu.

"Ng'ombe, Numa?" Huguette alisema, na hapo sauti ikapanda. "Maisha yangu yote naitwa kwa jina la ng'ombe? Mbele za watu? Kanisani?"

"Alikuwa ng'ombe bora kuliko wote niliowahi kuwa nao," alisema Numa, kofia kifuani. "Bora kabisa. Sijapata mwingine."

"Ulijua?"

"Wiki ileile. Nilimsikia Willy dukani kwa mkate: Colombe, usisahau siagi. Nikajua. Mkurugenzi aliniuliza, nikasema sijui. Nilitakiwa kuiponda, Mama Matthey, nyundo ilikuwa mkononi. Nikatazama lile jina nikashindwa. Nikaiacha mezani, nikaenda kukamua. Kama Willy asingeichukua, sijui ningefanya nini."

Kumbe mzee huyu, niliyempa majina yote ya matusi, alikuwa amekaa kimya kwa ajili ya Huguette. Si kwa ajili ya kiapo. Nikasikia aibu, na mimi aibu siipendi, kwa hiyo nikamgeukia Roland.

"Na wewe bado unarekodi?"

"Hii ndiyo sehemu nzuri!" alisema Roland.

"Futa," alisema Huguette.

"Lakini hii ni historia ya—"

"Roland." Tulimwambia wote pamoja, wazee wote, na baadhi yetu tulikuwa na visu vya soseji mikononi. Roland akafuta. Akaonyesha simu kila upande, kama mchezaji wa karata anayeonyesha mikono mitupu.

Kisha wakarekodi upya. Numa alisema alivyosema mwanzoni: uso wa saa ya majaribio haukuwa na jina la kiwanda, wala neno la majaribio, kwa hiyo hiyo inayouzwa ni ya kughushi, na hadithi yake vilevile. Roland akauliza ziliandikwa nini basi. Numa akaitazama kamera.

"Hiyo ni siri ya kiwanda," alisema.

Tukapiga makofi. Miaka yote nilikuwa nikiwalaani hawa watu kwa ububu wao, na pale malishoni nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Fabrice alitimiza ahadi. Kabla jua halijazama alikuwa amefuta ukaguzi wake na kuandika kwamba amekosea, jambo ambalo lilimgharimu kiburi kingi na ninamheshimu kwalo kidogo. Tangazo likatoweka mtandaoni, na jina la Willy likatoweka nalo.

Nilishuka na Huguette mpaka jikoni kwake. Aliifungua droo ya vitambaa vya meza, akaitoa saa kutoka ndani ya soksi ya Willy. Ilikuwa saa nene, uso mweusi, jina Colombe kwa herufi nyembamba za madoido, na kwenye kioo, upande wa ndani, doa la ukungu. Ndiyo hiyo ambayo wanaume wa Tokyo na Milano wangeitafuta kwa magoti. Ilinuka dawa ya nondo.

"Alikuwa mwizi," Huguette alisema. Alilijaribu neno hilo mdomoni kama jino jipya. "Na dada yangu hakukosea."

"Huguette…"

"Acha. Nitampelekea maua kesho." Akafuta pua. "Si mengi. Mdomo alikuwa nao pia."

Nikamwuliza kama hakuwahi kushuku, hata kidogo. Aliijaza kamani taratibu, akaiweka sikioni, na mimi nikaosha vikombe kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Novemba hufanyika soko la saa kuukuu hapa mjini, na wakusanyaji hupanda kutoka kila upande na vioo vyao vya kukuzia. Fabrice alikuja. Ni mrefu kuliko anavyoonekana kwenye simu, na ana koti lisilofaa kwa baridi yetu. Alitaka kumpa mkono Numa Calame, kwa hiyo tukasimama wanne karibu na meza ya supu: Numa, Fabrice, mimi, na Huguette, ambaye alikuwa amevaa saa ya mwanaume juu ya mkono wa sweta, ionekane na kila mtu.

Kijana aliiona. Hawezi kujizuia, ndiyo kazi yake.

"Naomba niitazame, mama," alisema, akainama na kioo chake. Numa akaanza kukohoa. Fabrice aliugeuza mkono wa Huguette huku na huku, akasoma uso, akaona ukungu, akainuka na tabasamu la daktari mwenye habari mbaya.

"Samahani, sitaki kukuvunja moyo," alisema. "Hii si kitu. Ni zile za wakulima, za majina ya kubuni. Na imeingia maji."

"Najua," alisema Huguette. "Inaingia maji."

"Una uhakika hutaki niifungue? Skrubu zake pengine zinafaa."

"Ukiigusa nitakumwagia supu."

Fabrice alicheka, akarudi nyuma, kisha kwa adabu, ili kuyamaliza vizuri, akauliza: "Na huyu Colombe ni nani?"

Numa alikuwa ameshavua kofia, anaitazama theluji.

"Ni mimi," alisema Huguette.